Taa Aliyopewa Mwanaidi

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Taa kapewa Mwanaidi.

Naandika tena ili niamini: taa kapewa Mwanaidi. Sanduku nililipokea mimi pale stesheni ya Korogwe. Nikalifungua mimi, msumari mmoja mmoja, nisije nikavunja kitu. Meza nimeipiga randa mimi. Pazia jeusi nimelishona kwa cherehani ya mke wangu, na Dorkasi mpaka leo ananikumbusha sindano yake iliyokatika. Halafu asubuhi hii Bwana Mhina, mkuu wetu wa maabara, anasimama mbele ya wafanyakazi wote — yaani mbele ya watu wanne — anatangaza kuwa taa itashikwa na Ndugu Mwanaidi Mdoe, kwa sababu kazi hiyo ameisomea chuoni Dar es Salaam. Ndugu Lukasi ataendelea na chupa.

Chupa! Tangu maabara hii ya maji ifunguliwe naosha chupa, nachanganya dawa, nasoma mizani. Yeye kaja juzi na sanduku la bati na viatu vya kamba.

Hiyo taa ni fimbo ya kioo yenye zebaki ndani. Inatoa miale ya altravaioleti, ambayo jicho halioni, linaona weupe wa kibuluu tu. Faida yake ni hii. Maji yetu ya mito na visima yana uozo wa majani na mizizi, na uozo huo hushika madini — shaba, zinki, risasi — ukayaficha. Mashine ya kupimia inapita hapo bila kuona kitu. Lakini ukiyatia maji kwenye mirija ya kioo cha pekee, ukaipanga kuizunguka taa, ukaongeza tone la asidi na matone ya ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda, miale inaunguza uozo wote. Madini yanabaki uchi. Hapo ndipo unapima. Yote haya nayajua. Kijitabu cha taa nimekisoma hadi kimelegea.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Wizara ina nafasi moja ya masomo ng'ambo kwa mtu wa taa. Jina atalipeleka Bwana Mhina mwisho wa mwezi. Nafasi hiyo naitaka kuliko kitu chochote tangu nimtake Dorkasi.

Jumanne, 5 Agosti

"Shikamoo, kaka Lukasi." Ndivyo anavyoniamkia. Naitikia marahaba kwa sababu ni adabu. Lakini mimi si mzee! Heshima nyingine ni ya kumtoa mtu njiani.

Wakati wa chai yeye na Bwana Mhina walikuwa wakizungumza Kizigua. Kishambaa changu na Kizigua ni mtu na binamu yake, kwa hiyo nasikia nusu. Nusu hiyo ilitosha kuniharibia chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa jicho moja, na hilo moja linatoa machozi. Mistari inapanda kama njia ya Bungu.

Ilikuwa hivi. Leo Mwanaidi amewasha taa mara ya kwanza kwa kazi ya kweli, maji ya kinamasi cha Lwengera. Kajifungia nyuma ya pazia langu. Mimi nje, na chupa. Feni inavuma, harufu imetoka kama ya radi iliyopiga karibu. Nikasema moyoni, pazia nimeshona mwenyewe, najua pale mshono ulipoachia. Nikaweka jicho. Kisha nikaweka jingine.

Nilichoona sitakisahau. Maji yaliingia yakiwa kama chai ya rangi. Yakawa kama chai iliyotiwa maji. Yakawa manjano, halafu manjano ikaisha, yakabaki meupe kabisa, kama hayajawahi kupita kwenye tope la dunia hii. Na uso wa yule binti ulikuwa umetulia, miwani myeusi machoni, mkono wake unafuata saa. Hakuharibu chochote. Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyofaa, nikisubiri aharibu.

Jioni macho yakaanza. Mchanga wa moto! Dorkasi alinilaza mkekani akamwita jirani yetu Mwantumu, anayenyonyesha. Mwantumu akanikamulia maziwa machoni, tone tone, huku ananicheka waziwazi. Nyumba zote za mtaa wetu wa Kilole zitajua kesho.

Dorkasi akauliza nilikuwa natazama nini. Nikasema kazi. Akauliza kazi ya nani.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Macho yanafunguka kidogo.

Mchana amekuja. Yeye mwenyewe! Kaja na machungwa na kichupa cha dawa ya macho. Dorkasi akamkaribisha kama amezaliwa naye, akamwekea makande, wakacheka jikoni. Mwanaidi aliponitazama tu alijua, maana macho yaliyopigwa na miale ile yanajulikana. Hakusema mbele ya mke wangu. Wakati wa kuaga akanong'ona kwamba miwani ipo ya pili kwenye droo, kaka, na nikitaka kuona niingie tu nione. Kwa Bwana Mhina hajapeleka neno.

Angenishtaki ningepumzika. Mtu akikufichia aibu, unamchukia kwa shida sana.

Dorkasi anasema yule mtoto ana tabia njema. Nimemwambia machungwa yake machachu. Akanijibu kwamba nimekula manne.

Jumatano, 13 Agosti

Tumerudi kutoka Handeni, nimechoka, vumbi hadi kwenye meno. Lakini lazima niandike.

Tulikwenda Kwedigongo, ng'ambo ya Sindeni. Ni kijiji cha Operesheni, watu waliletwa na malori mwaka jana kutoka kwenye mashamba yao ya mbalimbali. Serikali iliwachimbia kisima kando ya kinamasi. Maji yake ni rangi ya chai, na watoto wa pale wanaumwa matumbo, wanakonda, wengine wamepauka uso. Zahanati imetoa dawa za minyoo mpaka minyoo yenyewe imechoka. Ndipo tukaitwa tupime maji.

Tulikuwa watatu: Mwanaidi, mimi, na Ernesti dereva. Tukapokewa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Athuman, na nyuma yake bibi mmoja mwembamba, Bibi Chausiku. Kumbe ni dada wa bibi yake Mwanaidi! Alimshika mashavu, akamwimbia Kizigua, akalia. Mimi nimesimama na kamba yangu na chupa zangu kama mtu aliyekosea msiba.

Sasa sikiliza, daftari. Sheria ya kuchukua maji ya kupima madini ni moja: chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi inazamishwa kisimani kwenyewe. Maji yasiguse chuma, wala bati, wala kitu. Mwanaidi anaijua. Alikuwa ameshaanza kuelekea kisimani. Bibi Chausiku akamshika mkono. Alikuwa amewachotea wageni maji tangu juzi, akayachuja kwa kanga, akayaacha yatuame kwenye debe, debe la wageni, limefunikwa kwa ungo. Alisema mgeni hapewi maji ya tope mbele ya watu. Mwanaidi akamweleza kwa upole kwamba tunataka ya kisimani. Bibi akauliza, mbele ya wanawake wote, je, mjukuu wangu ameyakataa maji ya mkono wangu?

Mwanaidi alipiga goti. Akapokea, akanywa, akashukuru. Kisha akajaza chupa zetu zote kutoka kwenye lile debe. Zote! Akaniambia, "Inatosha, kaka." Kamba yangu haikulowa.

Niliona. Nilikuwa hatua chache tu. Ningeweza kuvuta chupa moja nikasema ngoja, hii naipeleka kisimani. Bibi asingenidai chochote, mimi si mjukuu wake. Nikanyamaza. Nilisikia utamu, nausema kama ulivyokuwa, utamu wa mtu anayemwona mwenzake akikanyaga ganda la ndizi na bado hajaanguka.

Ijumaa, 15 Agosti

Hakuanguka.

Leo amepitisha maji ya Kwedigongo kwenye taa, kisha kwenye mashine ya tone la zebaki, ile yenye kalamu inayochora. Maji ambayo hayakupita kwenye taa: mstari umelala, hakuna kitu. Maji yaliyopita kwenye taa: kalamu ikaenda, ikaenda, halafu ikapanda mlima. Mlima wa risasi, madini yenye sumu. Akarudia. Mlima uleule, mahali palepale.

Bwana Mhina alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema bila taa tungewaambia watu waendelee kunywa. Akasema hii ndiyo kazi ya wananchi. Wote tukapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu ili ionekane.

Mimi najua maji yale yametoka kwenye debe. Bwana Mhina hajui. Mwanaidi alikuwa akitazama karatasi muda wote. Labda alikuwa akiona ng'ambo.

Jumatatu, 18 Agosti

Bwana Mhina amepiga simu wilayani Handeni. Majibu yamerudi kabla ya saa sita, sijawahi kuona majibu ya serikali yana mbio hivi. Kisima kifungwe mara moja. Na kwa kuwa hakuna maji mengine karibu, kijiji kihamishwe kabla ya mvua za vuli. Malori yatakuwa pale Jumanne ijayo.

Watahamishwa tena. Wale wale.

Kuhusu nafasi ya masomo, Bwana Mhina ameshasema mbele yetu kuwa kichwani mwake jina liko moja. Hakulitaja.

Sikula mchana. Siyo huruma peke yake, nisijidanganye. Nusu ni kile kijiji na nusu ni mkono wa Bwana Mhina uliomshika Mwanaidi. Siwezi kuzitenganisha hizo nusu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwambia Dorkasi yote. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha.

Akasema kesho nenda ukaseme. Nikamwambia, mke wangu, wataniuliza kwa nini nilinyamaza siku ile. Na watasema Lukasi anamwonea wivu mtoto wa watu.

Akasema, "Kwani humwonei?"

Nikasema hilo ni jambo jingine.

Akasema kwa watu wa Kwedigongo hakuna jingine. Nimwambie Bwana Mhina, nikaaibike, basi, aibu haiui. Nikamjibu aibu inaua polepole. Akaniambia nimpishe, namzibia mwanga.

Siwezi kusema neno tupu. Nikisema tu, ni wivu. Nikisema nikiwa na maji ya kisima chenyewe yaliyopimwa, ni sayansi. Ndiyo tofauti.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Kwedigongo. Ernesti alikuwa anapeleka saruji Sindeni, nikamdanganya Bwana Mhina kwamba nilisahau kamba kule. Kamba iko chini ya kitanda.

Kisima kimezibwa kwa matawi ya miiba. Mzee Athuman mwenyewe aliyasogeza, maana nilimwambia naangalia tena kwa niaba ya maabara. Nikazamisha chupa kwa mkono wangu, kwa sheria, mpaka kwenye kwapa. Chupa mbili. Maji ya chai.

Nilitaka kuondoka hapohapo lakini huwezi kuondoka kwa watu namna hiyo. Nikapita nyumba hata nyumba kuamkia. Wanawake walikuwa wanatoka kuchota maji kwenye mtaro wa mbali, jasho linatiririka, madebe kichwani, na viungo vya madebe vinang'aa jua likivipiga. Nikamuuliza Mzee Athuman, mbona kijiji kizima hakina mtungi hata mmoja? Akanieleza kwamba mitungi yao ya udongo ilivunjika kwenye malori, yote, njia ilikuwa mbaya. Baada ya hapo akaja fundi mmoja, Rehani, na jiko lake la mkaa, akanunua madebe matupu ya mafuta mjini, akayaziba upya kwa risasi, akawauzia nyumba kwa nyumba. Anarudi kila yakivuja. Mtu mwema, alisema mzee.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, tukihama tena huko tuendako, ndiko kwenye maji?"

Nikasema sijui, mzee. Alisema nyumba yake amemaliza kuikandika juzi, ukuta wa nyuma bado mbichi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Bibi Chausiku aliniletea maji. Nikanywa kikombe kizima. Akaulizia hali ya mjukuu wake, kama anakula vizuri, kama wakubwa wake wanampenda. Nikasema wanampenda sana. Huo haukuwa uongo.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa saba wote wakaondoka. Ufunguo huwa nabaki nao mimi kwa ajili ya usafi. Nikafunga mlango kwa ndani.

Nikavaa miwani, ile ya pili ya kwenye droo. Nikajaza mirija, tone la asidi, matone ya dawa ya povu. Nikaweka pia maji ya mvuke yaliyokenekwa, matupu, ili nijue kama mikono yangu ni safi. Nikawasha. Feni ikavuma. Na mimi safari hii niko ndani ya pazia.

Sijui niandikeje. Maji yalipoanza kukwajuka nilifurahi kama nilipomwona mwanangu wa kwanza. Chai, manjano, halafu meupe. Kwa mkono wangu. Nilikaa pale muda wote taa inawaka, sikutoka hata kunywa chai. Naweza! Nilijua naweza. Wala siyo uchawi, wala siyo chuo. Kwa nini Bwana Mhina hakuniuliza hata mara moja kama naweza?

Kisha mashine. Kalamu ikaenda, ikafika pale pa risasi, nikazuia pumzi. Ikapita. Mstari umelala kama mbwa juani. Nikarudia chupa ya pili. Umelala.

Kisima hakina risasi! Kisima ni kizima, watu hawana haja ya kuhama popote, na Mwanaidi Mdoe wa chuo cha Dar es Salaam amekosea. Nilicheza. Nilicheza peke yangu katikati ya maabara na karatasi mkononi, kwa viatu vya raba.

Halafu nikaanza kuosha mirija, na mikono ikiwa kwenye maji nikawaza, sasa ile risasi ilitoka wapi? Chupa sizo, nimeziosha mimi. Ilitoka kwenye debe. Debe la wageni, lililozibwa kwa risasi ya Rehani, maji yakalala humo tangu juzi yake, na uozo wa majani ukaivuta risasi kutoka kwenye kiungo na kuikumbatia. Vizuri. Nikaendelea kuosha. Halafu nikaona wale wanawake wanatoka mtaroni na madebe yao yanang'aa.

Kila nyumba. Kila siku. Watoto wanaolia matumbo.

Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Mhina. Mwanaidi hakupima kisima, ni kweli. Alipima yale maji ambayo watu wanakunywa. Kama angezamisha chupa kwa sheria, kama mimi nilivyofanya, taa ingesema hakuna kitu, tungewapongeza, na wangeendelea kunywa kutoka kwenye madebe hadi watoto waishe. Amepiga goti mbele ya bibi yake, akavunja sheria, na hapo hapo akapata jambo lenyewe.

Hata akikosea anapatia! Mimi nimefuata kila kitu, nimepatia kila kitu, na nilichonacho ni mstari uliolala.

Jumapili, 24 Agosti

Mchungaji alihubiri habari za mavuno. Sikusikia. Sijamwambia Dorkasi la madebe. Nimemwambia la kisima tu. Akafurahi, akanichinjia kuku.

Jumatatu, 25 Agosti — Kwedigongo, ndani ya Landrova

Naandikia hapa hapa, mlango wazi, kalamu inatereza. Wazee wanasoma dua. Nimesema nakuja kuchukua karatasi za vipimo, nikakuta daftari hili chini yake kwenye mfuko.

Niandike kwa mfuatano, maana muda ni mdogo.

Asubuhi nilimpa Bwana Mhina karatasi ya kisima. Nilisema nilikwenda nikachukua maji upya, nikayapitisha kwenye taa, hakuna risasi. Neno debe sikulitaja. Nilitaka kwanza nione uso wake, na niliuona: uligeuka kwangu, wote, kwa mara ya kwanza. Akamwita Mwanaidi. Mwanaidi aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akairudia karatasi. Akasema, "Nimekosea mimi, mzee. Chupa zilichafuka mikononi mwangu."

Siyo kweli hata kidogo. Bwana Mhina alimsema maneno ambayo sitayaandika. Malori yanakuja kesho, alisema, malori! Tukapanda gari mara moja, na katibu tarafa tukampitia Handeni.

Njiani, tulipokaa nyuma, Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini. "Kaka, wewe uliona. Ni lile debe la bibi. Lilikuwa linavuja, alikuwa amelipeleka kwa fundi kwa ajili yetu sisi wageni. Nikilitaja, kijiji kizima watasema maji ya Bibi Chausiku ndiyo yaliyotaka kuwahamisha. Atakufa kwa fedheha. Afadhali iwe chupa. Tafadhali usinisemee."

Nikasema, "Haya." Nimeahidi! Anadhani ni debe moja. Siku ile alikaa kwa bibi yake tu, hakupita nyumba hata nyumba. Habari za mitungi na malori na Rehani hajasimuliwa. Ninazo mimi.

Mkutano umekuwa mfupi. Katibu tarafa ametangaza kisima ni salama, malori yamefutwa, kulikuwa na kosa dogo la kitaalamu. Watu hawakushangilia mara moja, walikuwa kama hawajaamini. Kisha Mzee Athuman akaenda mwenyewe kuitoa miiba, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Wananiita mgeni aliyekirudisha kisima. Mzee mmoja amenishika kichwa akaniombea kwa Mungu wake. Bwana Mhina alinivuta kando, akasema wizara inataka jina wiki hii na ataandika langu. Aliniita Bwana Lukasi.

Mwanaidi kasimama peke yake kwenye kivuli cha banda. Nimekuwa nikingoja siku hii. Imekuja, imekamilika, hakuna kilichopungua. Na bado namwonea wivu! Pale alipo, ameaibika, mikono mitupu, namwonea wivu kwa sababu alidanganya ili kumfunika mtu, na mimi nikiendelea kunyamaza nitajifunika mwenyewe tu.

Nikisema, itakuwa hivi: madebe yote, Rehani, watoto. Katibu tarafa atauliza, nani aliyegundua? Na jibu litakuwa ni yule aliyejaza chupa kwenye debe akazipeleka kwenye taa. Bibi ataaibika, au labda hataaibika kama ni madebe ya wote. Nafasi itarudi kule ilikotoka. Nisiposema, nimetimiza ombi lake. Hakuna atakayenilaumu, hata yeye.

Wangeweza kufinyanga mitungi. Udongo wa pale kinamasini ni mzuri, nimeukanyaga. Mtu angewaambia tu.

Dua imekwisha. Wamechota tayari, maji mapya, madebe matatu yamewekwa mbele ya wageni na watoto wamejipanga nyuma yake. Bwana Mhina anawaambia Ndugu Lukasi atasema machache juu ya maji haya. Wanageuka kutazama gari. Bibi Chausiku amechota kikombe cha kwanza akampa mjukuu wake. Mwanaidi amekipokea kwa mikono miwili, hakunywa, ameinama anampa mtoto aliye karibu naye. Bwana Mhina ananiita mara ya pili. Mtoto ameshakiinua —